Tuliosoma ng'ambo ya mpaka tuanze na rejista, karamu baadaye

KILA ifikapo mwezi Desemba, kumbi za hoteli hapa Kigali hujaa watu wazima waliovaa fulana za rangi moja, kifuani jina la shule na mgongoni mwaka waliomaliza. Wanaitana majina ya utani, wanacheka wakikumbuka maharage yenye wadudu na mwalimu wa zamu aliyekuwa akitembea kimya kama paka. Kabla ya chakula mwenyekiti anasimama kutangaza michango. Huyu anaahidi laki tano, yule mifuko hamsini ya saruji. Makofi, picha, muziki.

Sina ugomvi na karamu. Watu waliolala bweni moja wana haki ya kula pamoja mara moja kwa mwaka. Swali langu ni la Jumatatu inayofuata: mkuu wa shule amepata nini? Na je, kuna mtu aliyemuuliza anahitaji nini kabla ya kuahidi saruji? Niliwahi kuzungumza na mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Uganda, shule yake siitaji, akaniambia kuwa wanafunzi wake wa zamani walimpelekea tangi la maji la plastiki, kubwa na zuri, wakati shule haikuwa na bomba wala mabati yenye mfereji wa kukinga mvua. Tangi likakaa uani na wanafunzi wakaligeuza mahali pa kuegemea wakati wa mapumziko.

Nieleze mapema ninachoamini, ili msomaji asichoke kukitafuta. Shule na waliosoma hapo watafanya kazi pamoja pale shule inapofungua madaftari yake na chama kinapokubali kutumwa. Kwa sisi tuliorudi nyumbani kutoka Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo, daftari la kwanza la kufunguliwa ni rejista ya wanafunzi. Fedha zifuate.

Mfano unaotajwa na kila mtu ni wa Ntare School ya Mbarara. Shule hiyo ya wavulana ilianzishwa mwaka 1956 na Mskoti mmoja, William Crichton. Rais Yoweri Museveni alisoma pale miaka ya 1960, naye Rais Paul Kagame akapita pale miaka ya 1970, akiwa mtoto wa familia ya wakimbizi. Waliosoma Ntare wana chama chao kinachojulikana kwa herufi NSOBA. Mwaka 2011 marais hao wawili walikaa ukumbi mmoja hapa Kigali katika hafla ya chama hicho, ya kuchangisha fedha za kujenga shule nchini Rwanda. Shule yenyewe leo ipo Bugesera, inaitwa Ntare Louisenlund, na imeanzishwa kwa ushirikiano na shule ya Louisenlund ya Ujerumani.

Watu wakisimulia habari hiyo hukimbilia marais. Mimi natazama miaka. Tangu hafla ile ya 2011 hadi wanafunzi wa kwanza kuingia darasani ilipita zaidi ya miaka kumi. Hicho ni chama chenye wakuu wa nchi wawili, mawaziri, wanajeshi wa vyeo vya juu na matajiri. Sasa chama chetu cha wenye maduka ya jumla Nyabugogo na wauza nguo wa Gatuna kinapotangaza kuwa kitajenga bweni kabla ya Pasaka, wenye akili waulize maswali.

La pili ninaloliona katika habari ya Ntare ni deni. Shule ya Mbarara ilipompokea mtoto wa mkimbizi haikujua atakuwa nani. Ilimwandika tu katika rejista kama ilivyomwandika mtoto wa mwenyeji. Shule nyingi za Ankole, Kigezi, Karagwe na Ngara zilifanya hivyo hivyo kwa maelfu ya watoto wetu, na hakuna aliyekuja kuwajengea sanamu. Wengi wa waliosoma huko hawakuwa marais. Ni wauguzi, madereva wa malori, walimu, mama wauza vitenge. Hao ndio ninaowaandikia.

Hebu tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo mrejeaji anapoumia.

Mwaka 2013 serikali ya Tanzania iliwaamuru watu iliowaita wahamiaji wasio na vibali waondoke mkoani Kagera, na maelfu ya Wanyarwanda wakavuka daraja la Rusumo katika muda wa wiki chache. Miongoni mwao walikuwamo watoto walioacha masomo katikati ya mwaka. Mtoto aliyekuwa darasa la sita au kidato cha tatu wakati ule leo ni mtu mzima mwenye familia. Akitafuta kazi au chuo anaulizwa alisoma wapi na mpaka wapi. Baraza la mitihani halina jina lake katika matokeo ya kumaliza, kwa sababu hakufika kwenye mtihani wa kumaliza. Mahali pekee duniani panapojua kuwa alikaa darasani miaka ile ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kilichoko kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, ng'ambo ya mto Kagera, pamoja na mchwa.

Ndugu zetu Warundi wanaijua shida hii. Waliorudi mwaka 2008 na 2009 kutoka makazi ya zamani ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliingia na vyeti vya Kitanzania katika nchi ambayo ofisi zake zinaandika Kifaransa. Hapa kwetu vilevile, kabla lugha ya kufundishia kubadilishwa kwa uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, aliyetoka Uganda au Tanzania na karatasi za Kiingereza alikuwa akitazamwa mara mbili.

Wengi hudhani kuwa cheti kikipotea mambo yamekwisha. Sivyo. Waliofanya mtihani Tanzania wanaanzia kwa NECTA, baraza lililoanzishwa mwaka 1973 baada ya nchi hiyo kujitoa katika mtihani wa pamoja wa Afrika Mashariki. Wa Uganda wanaanzia UNEB, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1983. Wazee waliofanya mtihani Uganda miaka ya 1970 walifanya ule wa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, chombo ambacho hakipo tena. Lakini popote utakapokwenda utaulizwa mambo yale yale: jina kama lilivyoandikwa wakati ule, mwaka, namba ya kituo, namba ya mtahiniwa. Na jina, ndugu msomaji, ndilo tatizo. Wakimbizi wengi walisoma kwa majina ya wenyeji. Mtoto aliandikishwa kwa jina la shangazi aliyemlea au la mwenye shamba aliyemdhamini, kwa sababu hivyo ndivyo alivyopata nafasi. Aliporudi nyumbani akachukua jina la baba yake. Sasa ana majina mawili, na hakuna ofisi inayokubali kuwa huyu na yule ni mtu mmoja.

Nani anayeweza kusema kuwa ni mtu mmoja? Waliokaa naye dawati moja, na rejista ya shule. Chama cha waliosoma kina vyote viwili, kikitaka. Mkuu wa shule aliyepo leo pengine hakuwa amezaliwa ulipomaliza, hakujui. Barua yako ya kuomba uthibitisho inafika mezani kwake kutoka nchi nyingine na jina asilolikuta kitabuni. Anaiweka pembeni, na simlaumu, kwa kuwa anaogopa kutia mhuri uongo. Lakini barua ikiletwa na katibu wa chama anayemfahamu, ikiwa na majina ya watu watatu wa darasa lako na mwaka wenu, kazi yake inakuwa ya nusu saa. Anafungua kitabu, anaona, anaandika, anapiga mhuri. Barua hiyo si cheti na haiwezi kuchukua nafasi ya kulinganishiwa cheti, ile shughuli ambayo wengi wetu tunaiita ekivalansi. Ila bila hiyo hata mlango wa ekivalansi hufikii.

Kwa hiyo nasema mradi wa kwanza wa chama chochote cha waliosoma ng'ambo uwe kuinakili rejista. Haugharimu kama bweni. Vijana wawili wenye simu nzuri wakiwekwa wiki moja katika ofisi ya shule, kwa ruhusa ya mkuu na mbele ya karani wake, watapiga picha kila ukurasa tangu shule ianze. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iwekwe mahali ambapo mchwa, moto na maji havifiki. Isitangazwe ovyo, maana ni siri za watu, na mkuu wa shule ndiye atakayeamua nani aonyeshwe nini. Shule itapata faida yake pia, kwa sababu rejista hiyo hiyo ndiyo orodha ya wanachama. Chama kisichojua idadi ya watu wake hakijui kimwombe nani mchango.

Hapo naomba niseme jambo linaloniudhi. Vyama vingi vinamhesabu mwanachama kuwa ni yule aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na kupokea cheti. Kwa shule ya mjini ya watoto wa wakubwa hiyo ni sawa. Kwa shule ya mpakani ni kuwatupa nje wakimbizi karibu wote. Aliyesoma miaka miwili akaondoka kwa sababu kambi ilifungwa, au vita vilianza, au baba alikamatwa, huyo ni mwanafunzi wa zamani kama wengine. Pengine ana sababu kubwa zaidi ya kuikumbuka shule kuliko yule aliyeondoka na cheti chake mkononi. Msichana aliyekatishwa masomo akaolewa, leo ana kibanda cha kubadilishia fedha pale Kagitumba, mbona hamumwaliki?

Sasa fedha. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufundishwa namna ya kutunza fedha za pamoja. Mwaite kimina, upatu au tontini, mnajua wenyewe: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na hesabu inasomwa kwa sauti kila mtu akisikia. Anayekopa anajulikana, asiyelipa anajulikana. Ajabu ni kwamba mtu yule yule anayekataa kutoa faranga elfu moja katika kimina bila kuandikwa, akiingia ukumbi wa hoteli anampa mwenyekiti bahasha na kuondoka. Hana risiti, hana taarifa, na mwaka unaofuata anaulizwa tena.

Chama cha shule kiendeshwe kama kimina. Michango midogo ya kila mwezi, kwa simu, ambayo mtu hata akiugua au biashara ikilala haimshindi. Anayetoa elfu mbili kila mwezi ni mtu wa kutegemewa kuliko anayeahidi milioni mbele ya kamera. Mkuu wa shule anaweza kupanga mambo kwa hizo elfu mbili kwa sababu anajua zitakuja. Kwa ile milioni hawezi kupanga chochote.

Na fedha ziende wapi? Ziende kule ambako serikali na wafadhili wakubwa hawafiki. Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016 liliibomoa vibaya shule ya Ihungo, Bukoba, mojawapo ya shule kongwe za Kagera. Kuijenga upya ilikuwa kazi ya serikali ya Tanzania, na serikali ya Uingereza ikachangia. Hakuna chama cha waliosoma ambacho kingeibeba kazi hiyo peke yake, na hakuna haja ya kujifanya. Lakini serikali inayojenga maabara mara chache hukumbuka kila muhula asidi, vipimo vya kioo vilivyovunjika, na balbu. Haimkumbuki mtoto mmoja wa kidato cha pili aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada ya muhula. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

Upande wetu wa Rwanda, serikali ilipanga mwezi Septemba 2022 kiwango cha juu ambacho shule za umma zinaweza kumtoza mzazi: faranga 85,000 kwa muhula kwa sekondari za bweni, na 19,500 kwa sekondari za kutwa. Mzazi alipumua. Mkuu wa shule naye akabaki na bajeti ya kufinywa. Hapo chama kinaweza kusaidia sana, mradi msaada wake usigeuke njia ya mlango wa nyuma ya kumtoza mzazi kile ambacho serikali imekataza. Nimesikia pia habari za "mfuko wa waliosoma" unaodaiwa kwa wanafunzi waliomo darasani bado. Huo ni wizi tu.

Kwa ndugu zangu wa mpakani ningependa kuongeza neno kuhusu vitu. Mtu akipata moyo wa kuisaidia shule yake ya Kabale au Karagwe, wazo la kwanza ni kujaza gari daftari na magodoro kutoka Kigali na kuvuka nayo. Acha. Utapoteza siku nzima forodhani ukieleza kuwa mzigo si wa biashara, na kijana wa forodha ana haki ya kutokuamini, maana anakujua kuwa ni mfanyabiashara. Tuma fedha, nunua mji ule ule ilipo shule, kwa mwenye duka wa pale, risiti iandikwe jina la shule. Wewe bei za pande zote mbili unazijua kuliko mhasibu yeyote. Mpigie mwenye duka, bishana naye bei kwa niaba ya shule. Huo peke yake ni mchango ambao mwalimu mkuu hawezi kuununua.

Isitoshe, mpaka hauaminiki. Mwezi Februari 2019 njia ya Gatuna ilifungwa, na haikufunguliwa tena mpaka Januari 31, 2022. Katikati yake likaja janga la korona, na Uganda ikafunga shule tangu Machi 2020, zikafunguliwa kwa madarasa yote Januari 10, 2022 tu. Karibu miaka miwili. Wazazi wa upande huu waliokuwa na watoto upande ule walihangaika kujua mtoto ahamie wapi na kwa karatasi gani. Chama kilichokuwa na ofisi yake yote mfukoni mwa mwenyekiti mmoja wa Kigali kilikufa siku mpaka ulipofungwa. Chenye wanachama pande zote mbili kiliweza, kwa mtu wa upande wa pili, kwenda shuleni na kuuliza. Ndiyo maana nashauri kila chama kiwe na tawi kule shule iliko, lenye wenyeji ndani yake, na akaunti ambayo mkuu wa shule anaiona lakini haitoi fedha peke yake.

Ugomvi nao haukosekani, tusidanganyane. Upande mmoja kuna mkuu wa shule anayewaona waliosoma kama mashine ya fedha: anawapigia simu wakati wa kuezeka, wakiuliza matokeo ya mtihani anasema mambo ya ndani ya shule hayawahusu. Upande mwingine kuna chama kinachotaka kumchagua mwalimu mkuu, kinachompelekea orodha ya watoto wa wanachama wapewe nafasi, kinachodai bweni liitwe jina la mwenyekiti aliye hai. Sheria ya elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inawapa waliosoma nafasi katika bodi ya shule ya sekondari, na hilo ni jambo jema. Lakini aliyekalishwa kwenye bodi amekalishwa asikilize na aseme, halafu arudi kwa wenzake awaeleze. Wako wanaokaa humo miaka sita, na wenzao hawajapata hata karatasi moja ya taarifa.

Naona maafikiano yaandikwe, tena yasizidi ukurasa mmoja. Shule itoe kila mwanzo wa mwaka barua yenye mambo matatu inayoyahitaji, kwa kufuatana, na bei zake. Chama kichague kitakachoweza na kiseme kwa maandishi kitakachoshindwa, ili mwalimu asikae akisubiri. Mwisho wa mwaka shule itume majina ya watoto waliolipiwa, matokeo yao, na risiti. Mtoto wa ndugu wa mwanachama asilipiwe kabla ya yatima asiye na mtu, na anayemchagua awe mwalimu pamoja na kamati ya wazazi, sisi tukiwa tumekaa mbali.

Huenda mtu akauliza kwa nini tuhangaike na shule za nchi za watu wakati za hapa nyumbani zina shida. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba watoto wetu bado wako kule. Kila muhula mabasi yanatoka Nyabugogo yakiwa na masanduku ya bati juu, kwenda Mbarara, Kabale na Kampala. Na wako wengine, wakimbizi wa leo kutoka Kongo na Burundi, wanaokalia madawati yale yale ya Isingiro na Kibondo tuliyoyakalia sisi au wazazi wetu, nao siku moja watahitaji mtu wa kufungua kitabu na kusema: ndiyo, huyu alisoma hapa.

Karamu za mwaka huu zitakapofika, mwenye kadi ya mwaliko aende, ale, acheze. Ila kabla ya michango kutangazwa anyooshe mkono na kumuuliza katibu kama rejista ya shule ipo, inaanzia mwaka gani, na ni nani aliyeiona kwa macho yake. Kama hakuna aliyeiona, nauli ya basi la kwenda na kurudi Mbarara ni ndogo kuliko bei ya sahani moja ya hoteli ile.